Yale "Mavi ya Ndege" Juu ya Mndimu ni Kiwavi

Ndugu zangu wakulima wa Batina, pwani ya Omani, na nyinyi wa bara mnaomwagilia kwa falaji, ile mifereji ya maji ya jadi, kila nikiingia kitaluni siku hizi nakuta hali ile ile. Miche ya ndimu imebaki vijiti, mwenyewe kashika bomba la dawa. Nikimuuliza wiki iliyopita aliona nini kwenye majani, jibu ni moja: "Sikuona kitu, mavi ya ndege tu." Basi hayo "mavi" ni kiwavi wa kipepeo, na ndiye aliyemlia miche.

Kipepeo mwenyewe mnamjua. Mweusi, madoa ya manjano hafifu, doa jekundu kwenye bawa la nyuma, upana wa sentimita 8 hadi 10 akikunjua mabawa. Kitaalamu ni Papilio demoleus, na makao yake yanaanzia huku Arabuni, yanapita Iran na India mpaka Australia. Yeye hali majani; anafyonza maua, na dume hutua kwenye matope ya mfereji kunywa maji. Kumfukuza kwa kitambaa ni kujichosha. Mtazameni jike anaporuka chini chini juu ya miche, akigusa jani hili, kisha lile. Anataga, yai moja moja, na huchagua chipukizi laini.

Sasa hesabuni siku, maana hapa ndipo mnapopoteza mali. Yai ni duara, manjano, kama milimita 1. Kwenye joto huanguliwa siku ya 3 au ya 4. Kiwavi anatoka na rangi ya hudhurungi, na kila akijivua ngozi anazidi kufanana na mavi ya ndege: mweusi-kahawia, bakabaka nyeupe, anang'aa kama kitu kibichi. Anakaa hivyo juu ya jani, peupe, siku nyingi, na ndege anampita. Na wewe unampita! Akijivua mara ya 4 anageuka kijani, mnene mabegani, na kufikia sentimita 4. Siku hizo chache za ukijani anakula kuliko alivyokula tangu aanguliwe. Ndipo mnapokimbilia dawa, wakati jani limekwisha na yeye yu karibu kushuka akageuke pupa, yaani ajifunge kwenye ganda atoke kipepeo.

Kwa hiyo kagua kila baada ya siku 2. Si kila Ijumaa ukipata nafasi, siku 2! Anza siku chipukizi linapotokeza, hasa baada ya kutia mbolea au kupogoa. Geuza majani laini juu na chini. Ukiona "mavi", yaguse kwa kijiti: kiwavi hutoa nyuma ya kichwa pembe mbili laini zenye harufu kali. Hang'ati wala hana sumu, mtoe kwa mkono umtie kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Kitalu cha miche mia mbili ni kazi ya asubuhi moja.

Kama miche ni mingi, tumia dawa ya bakteria ya Bacillus thuringiensis akiwa bado mdogo, chini ya sentimita 1.5. Lazima aile, kwa hiyo lowesha pande zote mbili za jani. Piga jioni, kwa sababu jua huiharibu upesi. Kipimo ni cha kwenye kibandiko cha chupa, si kifuniko kimoja na cha pili cha kuongezea. Zile dawa kali za kuua kila mdudu, zikipigwa kila wiki, zinaua pia nyigu wadogo wanaotoboa mayai na pupa za kipepeo huyu.

Mndimu mkubwa hautaabiki sana, unachipua tena. Ila wengi wenu mnapanda upya, baada ya ule ugonjwa wa ufagio wa mchawi ulioanza miaka ya 1970 kumaliza miti ya wazee wetu. Mche wa miezi sita hauna majani ya kugawa.

Chipukizi likikomaa bila kutobolewa, umefanikiwa.

Wenye jamaa Unguja na Pemba wanaolima michungwa, wapelekeeni habari hii. Kipepeo wa kule ni ndugu yake, Papilio demodocus, na kiwavi wake naye hujifanya mavi ya ndege.