Udongo wa kichanga wa Kigamboni: namna ya kuotesha mbolea yako hapo hapo shambani

Wengi wanaonunua kiwanja Kibada, Mwasonga au Kimbiji, huku Kigamboni, Dar es Salaam, huanza na mchicha, na msimu wa kwanza wanacheka. Kufika msimu wa tatu samadi ni ileile, maji ni yaleyale, lakini majani yamekuwa ya njano. Hakuna uchawi. Udongo wetu wa huku ni kichanga, joto halipungui mwaka mzima, na vijidudu vya udongoni vinaila mboji (majani na samadi iliyooza) haraka kuliko unavyoileta. Kinachobaki, mvua za masika zinakishusha chini ambako mizizi ya mboga haifiki. Kuita kirikuu (pikapu ndogo) cha samadi kila mwaka bila kufanya jingine ni kujaza maji kwenye pakacha.

Kwa hiyo mboji ya kuleta kutoka nje itumike kuanzia tu. Kazi yenyewe ni kupanda vitu vitakavyokuletea majani kila msimu, hapo hapo ulipo. Ninachoeleza hapa kinafaa eneo kama robo eka, na kazi ianze Januari ili masika yakukute tayari.

Hatua ya 1: Ujue udongo wako

Chimba sentimita 20, chota konzi moja, uloweshe kidogo uufinyange. Usiposhika hata donge, ni kichanga kitupu. Ukishika donge lakini ukikataa kuviringika, una nafuu. Kisha chimba shimo la futi moja na ulijaze maji. Yakiisha ukiwa bado umesimama pale, endelea na mwongozo huu. Yakilala mpaka kesho yake uko bondeni: achana na mtaro wa hatua ya 3, inua matuta.

Kupeleka udongo maabara ni vizuri, na kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano kule Tanga au Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA) Morogoro wanapima. Chota sehemu 10 hadi 15 za shamba, changanya, peleka kiasi kidogo cha mchanganyiko huo. Kwa robo eka ya mboga mimi sioni haja kubwa. Ukitaka kuingiza hela ya mkopo kwenye eka tano, pima kwanza.

Hatua ya 2: Acha kuchoma majani

Tunafagia asubuhi, tunakusanya, tunawasha kiberiti, uwanja unang'aa. Naitrojeni, chakula kinachofanya majani yawe ya kijani, karibu yote imeondoka na moshi. Majivu yanabaki na potasiamu, si mabaya, ila ni sehemu ndogo ya ulichokuwa nacho. Majani ya mwembe, mkorosho na mwarobaini yarundike kivulini. Utayahitaji hatua ya 4.

Hatua ya 3: Mtaro wa makumbi

Hii ndiyo hatua watu wanaidharau, na kwa kichanga naiweka mbele ya mbolea yoyote. Wauza madafu wanakaa na milima ya makumbi (maganda ya nje ya nazi yenye nyuzi) ambayo hawajui waipeleke wapi. Zungumza nao vizuri, utapewa bure. Gharama yako itakuwa guta au kirikuu.

Chimba mtaro wa upana wa futi mbili na kina cha futi mbili, mahali utakapopanda migomba au mipapai. Panga makumbi yaliyopasuliwa, upande wa ndani ukitazama juu, yakae kama mabakuli. Tupia udongo wa kutosha kuziba mianya. Panga safu ya pili vivyo hivyo. Safu ya mwisho igeuze, mgongo juu, kisha funika kwa udongo kiasi cha sentimita 20. Mvua ikinyesha, nyuzi zinanyonya maji na kuyashikilia wakati kichanga cha pembeni kimeshakauka. Zinaoza polepole sana, kwa hiyo mtaro mmoja unakuhudumia miaka kadhaa, huku ukiachia potasiamu ambayo mgomba unaipenda.

Usiyaache makumbi juu ya ardhi yakakinga maji. Mbu wa dengi anazaliana humo humo, na jiji la Dar es Salaam lilishaonja dengi mwaka 2014 na tena 2019. Yakifika, yafukiwe siku hiyo, au yalale kifudifudi.

Hatua ya 4: Lundo la mboji

Chagua kivuli. Lundo liwe angalau mita moja kila upande na mita moja kwenda juu. Likiwa dogo halipati joto. Anza chini na vijiti vya kupitisha hewa. Kisha tabaka kwa tabaka: ndoo mbili au tatu za vikavu (majani yako ya hatua ya 2, nyasi kavu, maranda yaliyotoka banda la kuku) kwa ndoo moja ya vibichi (mabaki ya mboga kutoka soko kama Temeke Stereo au Buguruni, magugu ambayo hayajatoa mbegu, samadi mbichi). Nyunyiza maji kila tabaka. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 2019, lakini taka za sokoni bado zinakuja na vifungashio, kamba na vizibo. Chambua mwanzoni, baadaye utachambulia kwenye tuta.

Kamua konzi ya mchanganyiko. Likidondoka tone moja au mawili, maji yametosha. Yakichuruzika, ongeza vikavu. Chomeka fimbo katikati, siku ya nne ichomoe uishike: lazima iwe ya moto. Ndani panatakiwa pafike nyuzi 55 hadi 65 za sentigredi, ndipo mbegu za magugu na vimelea vingi hufa. Fimbo ikitoka baridi na kavu, weka maji. Ikitoka baridi na inanuka mayai viza, hewa hakuna, geuza.

Geuza kila baada ya wiki moja au mbili, na hapo macho yawe kazini. Ukiona funza wanene weupe wenye kichwa cha kahawia, wamejikunja, waokote wote uwape kuku. Wengi wao ni watoto wa chonga, yule mdudu anayetoboa kilele cha mnazi mpaka makuti yanatoka yamekatwa kama kwa mkasi. Mwenye minazi asiyegeuza lundo anafuga chonga.

Miezi miwili hadi mitatu inatosha. Mboji ikiiva inanuka udongo wa mvua ya kwanza. Usiitawanye shamba zima, iweke kwenye mashimo na matuta tu, ndoo mbili kwa shimo la mgomba.

Hatua ya 5: Miti ya mpakani

Panda gilirisidia, mti ambao majani yake ndiyo mbolea utakayokata hatua ya 6. Omba matawi yaliyokomaa, unene wa kishikio cha jembe, urefu wa mita moja na nusu. Kata mshazari pande zote mbili, fukia sentimita 30, nusu mita toka tawi hadi tawi, mvua za masika zikishashika. Asili yake Amerika ya Kati, na huku inashika bila taabu. Anayeisumbua ni mbuzi wa jirani, kwa hiyo weka miiba mwanzoni.

Katikati ya shamba panda mbaazi kwa mistari na kunde chini yake. Zikikaribia kutoa maua, ng'oa mche mmoja wa kunde taratibu, pasua vinundu vya mizizini kwa ukucha. Vikiwa vya waridi ndani, bakteria wanakamata naitrojeni ya hewani. Vikiwa vyeupe au vya kijani, hawafanyi kazi.

Hatua ya 6: Kata, tandaza

Mwaka wa kwanza iache gilirisidia ijijenge. Kuanzia wa pili, ikate usawa wa goti mara mbili: kabla ya masika na kabla ya vuli ya Oktoba. Majani yatandaze kwenye matuta, juu yake weka makuti au nyasi kavu, maana gilirisidia peke yake inaoza ndani ya wiki chache. Matandazo yasiguse shina. Mchwa atapanda humo. Matawi manene usiyapeleke jikoni yote. Yaliyonyooka yakate mita moja na nusu, upande wa pili wa mpaka bado uko wazi.