Jinsi ya kuanzisha kikundi cha tehama mjini kwako, tulivyofanya Mbeya

Habari zenu wakuu. Vijana wa Iringa, Njombe na Tunduma wamekuwa wakiniuliza tulifanyaje mpaka kikundi chetu cha hapa Mbeya kikasimama, sasa nimeona niandike yote sehemu moja ili anayetaka kuanza aanze hata wiki hii.

Hatua ya 1: Tafuta watu watano, logo iache kwanza

Tulianza watu saba. Wanafunzi wawili wa MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya), mwalimu wa sekondari, dada mmoja anayetunza hesabu za duka kwa Excel, mafundi simu wawili wa Mwanjelwa na mimi. Mafundi simu msiwaache kabisa jamani, mtu anayefufua simu zilizokufa kila siku anajua mambo ya vifaa ambayo mwanafunzi wa mwaka wa tatu hajawahi hata kuyagusa. Na msione aibu kuwa wachache au kukutana sehemu ya kawaida, Homebrew Computer Club, kikundi cha wapenda kompyuta wa kule California, kilianza Machi 1975 kwenye gereji ya mtu, na humo ndo Steve Wozniak, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Apple, alikuwa anawagawia wenzake bure michoro ya kompyuta yake iliyokuja kuwa Apple I, kompyuta ya kwanza ya kampuni hiyo.

Hatua ya 2: Siku moja, sehemu moja

Sisi ni Jumamosi ya pili ya kila mwezi, saa nane mchana mpaka saa kumi na nusu. Wa Mbalizi na Uyole wanawahi daladala, baridi ya Juni na Julai inakuwa haijaanza kuuma, na mabinti wanafika nyumbani kabla ya giza. Kuna kipindi tulihamisha tarehe mara mbili mfululizo tukimsubiri mtoa mada mmoja, mwezi uliofuata tukajikuta wanne tu. Tangu hapo mtoa mada akikosekana tunakutana hivyohivyo. Sehemu omba darasa, peleka barua kwa mkono wiki mbili kabla, na kabla hujakubali kaangalie soketi ngapi zinafanya kazi na choo kiko wapi.

Hatua ya 3: Andikeni mahali pa wazi

Hapa naomba utulie kidogo maana hapa ndo vikundi vingi vinafia. Grupu la WhatsApp ni zuri kwa kukumbushana, lakini anayeingia leo haoni mliyoelezana mwaka jana, kwa hiyo anauliza swali lilelile, wazoefu wanachoka kujibu, wanakaa kimya, na grupu linabaki la salamu za asubuhi na matangazo ya viwanja. Sisi admini wetu alipoteza simu na maelezo yote ya miezi mitano yakaenda nayo, iliniuma sana.

Fanya hivi: fungua akaunti ya bure GitHub (tovuti ya kutunza mafaili na kuyafanyia kazi pamoja), tengeneza ripozitori ya wazi, yaani folda ya mtandaoni ambayo kila mtu anaweza kuisoma, na kila mkutano uwe na faili lake moja, taja tarehe, tulifanya nini, nani alikwama wapi, ilitatuliwaje. Yaandikwe kwa Kiswahili cha kawaida tu. Maswali yafunguliwe kama ishu (ukurasa wa mjadala wa swali moja ndani ya ripozitori) ili jibu likae chini ya swali lake na mtu wa Makete au Ludewa alikute hata akiwa hajawahi kuja Mbeya. Huhitaji laptopu, kwenye brauza ya simu unaandika na kusevu. Swali likiulizwa WhatsApp, jibu, halafu linki ya jibu ndo irudi kwenye grupu.

Hatua ya 4: Kazi ya kwanza iwe ya mtaani kwenu

Wengi wanaanza na somo la Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, na nusu ya watu wanapotea siku hiyohiyo. Sisi tulianza na OpenStreetMap, ramani huria iliyoanza Uingereza mwaka 2004 ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuihariri. Dar walitutangulia, mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi wa vyuo kuchora mitaa inayokumbwa na mafuriko. Weka aplikesheni ya StreetComplete kwenye simu ya Android, ipakue eneo lako ukiwa na wifi, halafu tembea: inakuuliza maswali madogo, barabara hii ni ya lami au vumbi, duka hili linafunguliwa saa ngapi, na majibu unayapandisha baadaye ukipata bando. Tuligawana wawili wawili kuzunguka Mwanjelwa na Kabwe, na yule dada wa Excel alirudi na majibu mengi kuliko wote maana mitaa ile anaifahamu. Siku hiyo hakuna aliyejiona hajui kompyuta.

Hatua ya 5: Siku yenyewe

Kila kitu kidaunilodi kabla, weka kwenye flashi tatu, umeme na intaneti visije kuwaharibia. Maelezo dakika ishirini, muda uliobaki watu washike kazi, mgeni akae na mzoefu. Chai ya Tukuyu na mihogo tunachangishana, na hesabu inaandikwa kwenye ripozitori ileile kila mtu aione.

Majina na namba za simu za waliohudhuria usiziweke huko, hapo uwazi unaishia. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, chukua jina na namba kwa ridhaa yao, zikae kwenye daftari la katibu.

Hatua ya 6: Funguo ziwe kwa watu watatu

Akaunti ya GitHub, admini wa grupu na barua pepe ya kikundi viwe na watu watatu tofauti wenye uwezo wa kuingia, na mmoja asiwe mwanafunzi kwa sababu mwanafunzi akimaliza chuo anarudi kwao. Sisi tunabadilishana kila Januari, anayetoka anakaa na anayeingia mkutano mzima wakijaribu kuingia kila sehemu mpaka afanikiwe peke yake.