Kelele za CPAP usiku: anza na maski, mashine baadaye

Mtu akinipigia simu kulalamikia kelele za CPAP, ile mashine ya kusukuma hewa kwa watu ambao koo huziba usingizini, swali langu la kwanza huwa hili: inatoka usoni au mezani? Wengi hawajui. Wanachojua ni kwamba mama watoto amehamia chumba kingine na kila asubuhi mashine inasemwa. Kazi yangu ni kutengeneza vifaa vya hospitali hapa Kampala, na kwa ninayoyakuta majumbani, kelele nyingi ni za hewa inayovuja kwenye maski. Mota ishukiwe mwisho.

Mashine ya kisasa isiyo na hitilafu hutoa desibeli 25 hadi 30 hivi, yaani sauti ya mtu anayenong'ona. Kazi yake ni kusukuma hewa kwa mgandamizo, kwa kawaida kati ya sentimita 4 na 20 za maji, ili koo lisizibe ukiwa usingizini. Hewa hiyo lazima itoke mahali. Kwenye maski kuna matundu madogo ya kutolea pumzi uliyokwisha kuitumia, na upepo mwembamba unaosikika hapo ni wa kawaida. Usitafute kimya kabisa. Na tafadhali, usibandike plasta juu ya matundu hayo. Nimeshaikuta, na ni hatari: unabaki unavuta tena kabonidayoksaidi uliyoitoa. Usishushe mgandamizo mwenyewe vilevile. Kiwango hicho kimewekwa na daktari kwa ajili ya koo lako, si kwa ajili ya masikio ya jirani.

Hatua ya 1: Sikiliza, lakini si wewe

Aliyevaa maski husikia mashine kupitia mpira (bomba la hewa kutoka mashine hadi maski) na mifupa ya uso, kwa hiyo masikio yake humdanganya. Zima redio na feni, lala kama unavyolala, washa mashine, kisha mwenzako asogeze sikio taratibu: usoni, kwenye viungo vya mpira, halafu mezani. Mluzi au "sss" kali karibu na pua na macho ni maski. Maji yanayobwatabwata ni unyevu ndani ya mpira. Mngurumo unaotetemesha ni meza au filta. Mwambie arekodi kwa simu. Ukinitumia sauti hiyo kwa WhatsApp, mara nyingi najibu bila kupanda boda.

Hatua ya 2: Maski

Hapa usiwe na haraka.

Osha silikoni inayogusa uso kila asubuhi kwa sabuni isiyo kali na maji ya uvuguvugu, kisha uianike kivulini. Jasho na mafuta ya ngozi huifanya iteleze, na ikiteleza inavuja. Sisi hapa tuna mazoea ya kujipaka mafuta ya mgando kabla ya kulala. Usiku paka kwingine kote, lakini uso uuoshe na uuache mkavu. Mafuta ya mgando huiharibu silikoni polepole.

Kisha mikanda. Mzee mmoja mstaafu wa jeshi, kule Bombo, alikuwa ameikaza mpaka alama zinabaki shavuni hadi saa nne asubuhi.

"Afande, legeza."

"Nikilegeza si itavuja zaidi?"

Tulilegeza. Nikamlaza, mashine ikiwa imewashwa, nikaivuta maski kidogo mbele ili silikoni ijae hewa, nikairudisha usoni polepole, halafu nikakaza mikanda ya juu na ya chini kwa zamu, kidogo kidogo, mpaka mluzi ukakata. Mkanda uliokazwa sana huikunja silikoni, na mkunjo ndio mlango wa hewa. Siri ya pili ni kwamba maski hupimwa ukiwa umelala na hewa inapita. Uso wa mtu aliyekaa si uso wa mtu aliyelala: mashavu yanashuka na taya linarudi nyuma.

Kama umelala vizuri na bado inavuja, angalia saizi, angalia ndevu, angalia kama silikoni imelegea au imepasuka. Iliyochoka haifufuki kwa kukazwa, nunua nyingine. Mashine nyingi za sasa huonyesha asubuhi kama maski ilikaa vizuri. Isome kabla ya kulaumu chochote.

Matundu ya kutolea pumzi nayo huziba kwa uchafu, na tundu lililoziba nusu hupiga filimbi. Yasugue kwa mswaki laini na maji ya sabuni. Usitumie sindano, utayapanua. Upepo ukimpiga mwenzako usoni, badilisha upande wa kulala au geuza kiungo cha mpira kama maski yako inaruhusu.

Kuna na wale wa maski ya puani ambao mdomo hufunguka usingizini. Hewa inaingia puani na kutokea mdomoni kwa kishindo, na asubuhi ulimi umekauka. Hiyo haitibiwi kwa mikanda ya maski. Muulize mtaalamu wako kuhusu mkanda wa kidevu au maski inayofunika pua na mdomo.

Hatua ya 3: Mpira na chandarua

Chomoa maski, washa mashine, ziba mwisho wa mpira kwa kiganja kwa sekunde chache, na usikilize kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mpira mzima hautoi mluzi. Ukiwa na shaka, pakaa povu la sabuni kwa nje: palipotoboka patatoa mapovu. Mashine ikijizima yenyewe ukivua maski, kuna mpangilio wa kujizima ambao unaweza kuuondoa kwa muda.

Chandarua ndicho vitabu vya mashine hizi havikitaji. Mpira ukipita juu ya wavu, kila ukijigeuza unakwaruza, na maski inavutwa na kuanza kuvuja. Upitishe chini ya ukingo wa chandarua upande wa kichwani, kisha uchomeke ukingo huo chini ya godoro pande zote mbili za mpira, ili mbu nao wasipate njia. Acha urefu wa kutosha wa kugeukia. Mipira mingi ina mita 1.8 hivi, kwa hiyo usiweke mashine mbali kwa tamaa ya kimya, utaamka imeburutwa sakafuni.

Hatua ya 4: Maji yanayobwatabwata

Wateja wa Kabale hunipigia kwa hili kuliko wa Kampala. Usiku wa baridi, hewa yenye unyevu ikifika kwenye mpira uliopoa hugeuka kuwa maji, maji yanakusanyika kwenye bonde la mpira, na hewa inayapulizia. Weka mashine chini ya usawa wa kichwa chako ili maji yarudi kwenye tangi la mashine, lile la maji ya kuitia hewa unyevu, badala ya kukujia puani. Punguza unyevu daraja moja. Ufunike mpira kwa kitambaa kizito, fundi cherehani yeyote atakushonea. Kama mashine yako inakubali mpira wenye joto, huo ndio dawa kamili.

Kwenye tangi tia maji yaliyotoneshwa, ya duka la dawa. Maji ya betri ya kituo cha mafuta siyo, hata kama chupa imeandikwa vipi.

Hatua ya 5: Filta na meza

Unayeishi kando ya barabara ya vumbi, angalia filta kila wiki wakati wa kiangazi. Ikiwa imegeuka rangi ya udongo, mashine inavuta kwa shida na feni inanguruma. Ya karatasi hutupwa, haioshwi. Ya sponji huoshwa na kurudishwa ikiwa kavu kabisa. Ukiifungua, chungulia tundu la kuingizia hewa: mende wanapenda joto la pale.

Kabati la mbao lenye uwazi ndani hupiga kama ngoma. Weka kipande cha raba chini ya mashine, au ihamishie kwenye kigoda kizito, mbali na pazia. Usiilaze juu ya blanketi wala kuifungia kwenye droo, inahitaji hewa ya kuvuta.

Hatua ya 6: Inveta

Kama mlio wa "zzz" huja umeme unapokatika tu, mashine haina kosa. Inveta za bei rahisi, vile vifaa vya kugeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani, hutoa umeme wa mawimbi ya mkato, na adapta inalia. Nunua inveta ya mawimbi kamili (pure sine wave), au adapta ya betri inayotolewa kwa ajili ya mashine yako hasa. Ukiwa kwenye betri, zima joto la maji na la mpira: hivyo ndivyo vinavyoimaliza.

Hatua ya 7: Mashine yenyewe

Hapa tuna mashine nyingi zilizoletwa na ndugu kutoka London au Dubai, zimeshatumika. Angalia modeli. Mwezi Juni 2021 kampuni ya Philips ilitangaza kuziondoa sokoni mamilioni ya mashine, zikiwemo DreamStation za toleo la kwanza, kwa sababu sponji iliyowekwa ndani kupunguza kelele ilikuwa inaweza kumomonyoka na kuingia kwenye hewa ya mgonjwa. Kusafisha mashine kwa gesi ya ozoni kulizidisha tatizo. Ukiona chembe nyeusi kwenye mpira au tangi, ongea na daktari wako siku hiyohiyo kuhusu mashine mbadala. Usiache tiba kimyakimya, na usimruhusu fundi wa mtaani atoe sponji hiyo.

Mlio wa chuma kusaga chuma, au sauti inayopanda na kushuka wakati maski haivuji, ni feni au beringi. Usiifungue. Na kama mwenzako anasikia unakoroma tena ukiwa umevaa maski, hilo ni la daktari, kwa sababu huenda kiwango cha hewa hakikutoshi tena. Ukija kwangu, lete vyote: mashine, adapta, mpira na maski yako, hata kama unaamini tatizo ni mashine tu. Mwaga maji ya tangi kabla ya kupanda teksi.