Mpira mkubwa, mikono mitupu: jinsi ya kufufua softiboli mtaani

Kabla hujanunua mpira wala gongo la kuupigia (si ile ya kunywa, watu wa Tanga msinicheke), tafuta mzee mwenye vidole vilivyopinda. Hapa Chicago hiyo ndiyo alama ya mtu aliyecheza softiboli ya mpira mkubwa, ile inayodakwa bila glavu. Wa kwangu nilimpata kazini. Natunza wazee majumbani, na mzee ninayekwenda kwake siku za wiki ana kidole kimoja kinachotazama dirishani wakati wenzake wanatazama mlango. Nilidhani ni baridi yabisi. Akacheka, akanionyesha juu ya kabati: mpira wa kijivu, mkubwa kama dafu dogo, umelegea kama embe lililopitiliza.

Mpira huo una mzunguko wa inchi 16, karibu sentimita 41. Softiboli inayojulikana duniani, hii itakayorudi kwenye Olimpiki ya 2028, hutumia wa inchi 12 na kila mchezaji huvaa glavu. Ya Chicago haina glavu, na ndiyo maana ilishamiri wakati wa dhiki ya miaka ya 1930: mpira mmoja na gongo moja, watu ishirini wanacheza. Mzee anasema enzi zake kila baa, kila kiwanda na kila parokia ilikuwa na timu. Kisha viwanda vikafungwa, baa zilizokuwa zikilipia jezi zikafa, majirani wakahamia mbali. Uwanja ukabaki nyasi.

Mimi ni mtoto wa Ngamiani, Tanga. Mchezo wangu ulikuwa rede: wawili wanakurushia mpira, wewe katikati unakwepa huku unajaza mchanga kwenye chupa. Sikuwa najua besi ni nini (ni vituo ambavyo aliyepiga mpira huvikimbilia, na akivizunguka vyote amepata bao). Nayasema haya ili usijisingizie kwamba wewe si mtu wa michezo.

Mzee ukishampata, usimwombe awe kocha, maana atakwambia magoti yamekufa. Mwombe ahesabu mabao. Mpe daftari na kiti cha kukunja, umweke mahali penye kivuli. Wangu alikubali baada ya wiki tatu za kukataa, kisha akapiga simu kwa wenzake wawili, mmoja Mpolandi na mmoja mweusi wa upande wa kusini ambaye hukaa kwa binti yake hapa jirani. Siku ya kwanza tulikuwa na wahesabuji watatu na wachezaji saba. Wale watatu wakaanza kubishana kuhusu mechi ya zamani, watu waliokuwa wakipita na mbwa wakasimama kusikiliza, na wawili kati yao wakaingia uwanjani. Tangazo nililobandika dobini halikuleta mtu hata mmoja.

Sasa mpira. Mpya ni mgumu kama nazi, na hulainika kadiri unavyopigwa. Mchezo ukifika mwisho unabonyea. Mimi kwa ushamba nilianza na mpya, dada mmoja akavunjika kidole cha pete dakika ya kumi, na akapotea msimu mzima. Omba au nunua mipira iliyokwisha kutumika, uanze nayo mwezi wote wa kwanza. Mgeni mfundishe kudaka kama anavyodaka yai: mikono miwili pamoja, vidole visiutazame mpira, na mwili urudi nyuma kidogo mpira unapofika. Pete zote zivuliwe. Barafu iwepo kwenye boksi, si soda peke yake.

Kupiga ni rahisi kuliko unavyodhani. Mrushaji anarusha mkono ukitokea chini, polepole, mpira unapanda na kushuka. Na kwa kuwa ni mkubwa na laini, hauendi mbali hata akiupiga kijana mwenye mabega. Anayepata ni yule anayeuelekeza pale pasipo na mtu. Mama mmoja wa Uvira, Kongo, mwenye wajukuu wanne, hutushinda wote kwa hilo. Vijana wa Kikongo waliokulia kambi ya Nyarugusu, Kigoma, walikuja wakiwa na mpira wao wa miguu kwapani, mmoja akaniuliza, “Mama, hii mpira banaichezaka namna gani?” Nikamwambia ampokee yule mama kwenye besi ya pili. Alipopitwa mara mbili alirudi Jumapili iliyofuata bila ule mpira wake.

Kanuni zenyewe ni watu kumi kila upande, zamu saba za kupiga, besi nne. Kati ya besi na besi tunapima kama mita 18, ambazo ni hatua zangu ishirini na nne, na besi zenyewe ni vipande vya zulia. Lakini mwanzoni punguza ukali: msimu wa kwanza hakuna aliyetolewa kwa kukosa mpira, na kila aliyekuja alipiga hata kama upande mmoja una watu kumi na wanne. Wazee wetu walinuna sana, hasa yule Mpolandi. Glavu ndiyo walikataa katakata. Wakanisimulia habari ya Mike Royko, mwandishi wa safu za magazetini, aliyekwenda mahakamani mwaka 1977 kudai glavu zisiruhusiwe kwenye ligi za bustani za jiji, akashinda. Basi nikawaachia hilo la glavu, wao wakaniachia lile la kupiga. Kila mtu awe na jambo moja alilolishinda.

Katika kugawa timu usifanye nilivyofanya. Wiki ya pili niliacha watu wajipange wenyewe, ikawa Wakongo dhidi ya Wameksiko, na jioni ile tukakaribia kupigana kwa ajili ya besi ya tatu. Nikasema basi tugawane kwa mwezi wa kuzaliwa, Januari hadi Juni huku, Julai hadi Desemba kule. Nilisahau kwamba wakimbizi wengi kwenye makaratasi wamezaliwa tarehe 1 Januari! Upande mmoja ulikuwa na watu kumi na sita. Sasa tunatumia namba ya nyumba, shufwa na witiri, na mume na mke wa mlango mmoja hawatenganishwi isipokuwa wakiomba wenyewe. Huwa wanaomba.

Kibali. Viwanja vya bustani hapa viko chini ya Chicago Park District, na nyasi za umma si za yeyote anayewahi. Tulikuwa zamu ya nne ilipokuja ligi yenye karatasi yake na refa wake, tukahama na sufuria la pilau mikononi. Nenda uulize wakati wa theluji, si wakati wa joto, na uombe saa ambayo ligi haziitaki. Sisi ni Jumapili saa kumi jioni. Jua la Juni huzama kama saa mbili na nusu usiku, muda upo tele. Saa ukishaipata usiibadilishe kwa sababu ya harusi ya mtu, hata yako. Kuna Jumapili tulikuwa watano, tukarushiana mpira tu tukaenda nyumbani. Wiki iliyofuata waliokuja walitukuta.

Chakula kisiwe cha bure kwa wote wala kazi ya mtu mmoja. Timu iliyoshindwa ndiyo hupika wiki inayofuata. Hapo ndipo watu wasiocheza wanapoingia: wako wanaokuja kwa mishikaki tu, na kati yao nimepata anayefua jezi, anayelinda watoto, na fundi bomba aliyetengeneza uzio wa nyuma ya mpigaji kwa mabomba chakavu. Kina dada wenye hijabu waliniuliza mapema kuhusu mavazi. Nikajibu hata mimi nacheza na mtandio na suruali pana, tatizo ni viatu tu.

Ligi, kombe, jezi za kuchapishwa majina: visubiri. Kuna mfanyabiashara alitaka kutupa jezi mwezi wa pili kwa sharti timu iwe ya vijana watupu. Wazee walinitazama tu. Nilimshukuru.

Baridi ikianza, tunakwenda Forest Park, mji mdogo jirani na Chicago, mara moja kutazama kumbukumbu za wachezaji wa zamani wa mpira huu, mzee akiwa kwenye kiti cha magurudumu, akinisahihisha kila picha. Halafu Machi nawapigia simu mmoja mmoja, maana ujumbe wa kundi la WhatsApp kila mtu anadhani umeandikiwa mwingine.

Mwaka huu ni Jumapili ya kwanza ya Mei. Mpira wa kijivu umeshuka kutoka kabatini. Ule mpya nimeuficha.