Kibali cha maji ya kumwagilia Mto Ruvu: namna ya kupata kiasi cha kujaza kwenye fomu

Wakazi wengi wa Dar es Salaam wana mashamba kando ya Mto Ruvu, mto uleule unaolisha mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini inayoleta maji ya bomba jijini. Kuchota ndoo za matumizi ya nyumbani hakuhitaji kibali. Kuwasha pampu ya kumwagilia kunahitaji, kwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009, na maombi hupelekwa Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu, yenye makao makuu Morogoro.

Kwanza pima shamba upya. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Shamba linalopakana na mto kwa mita 100 linapoteza karibu ekari moja na nusu hapo. Ondoa eneo hilo kwenye hesabu kabla mkaguzi hajaliondoa yeye. Chukua pia alama za GPS za mahali bomba litakapoingia mtoni, na uandae hati ya shamba au mkataba wa kukodi.

Sasa kiasi cha maji. Wengi hunakili namba iliyobandikwa kwenye pampu, na hapo ndipo wanapoharibu: namba hiyo haijui kimo cha kingo wala urefu wa bomba lako. Anza na zao. Tuseme ni nyanya, ekari 5, yaani hekta 2. Kwenye jua kali, zikiwa zimeanza kuzaa, hunywa takriban milimita 5.75 kwa siku. Milimita 1 juu ya hekta 1 ni mita za ujazo 10, hivyo mimea inahitaji mita za ujazo 115 kwa siku. Mifereji ya udongo hupoteza karibu nusu njiani, kwa hiyo mtoni utavuta 230. Ukimwagilia kwa muda wa saa 8 kila siku, hiyo ni lita 8 kwa sekunde. Hakiki kwa pipa la lita 200: lijae kwa sekunde 25.

Rudia hesabu mwezi kwa mwezi. Punguza kwenye masika, lakini kiasi cha kiangazi usikipunguze hata kidogo, maana ndipo mto unapopungua. Mwishoni mwa 2021 Ruvu ilishuka hadi Dar ikaingia kwenye mgao.

Matumizi ya baadaye yaandike waziwazi, pamoja na mwaka unaotarajia kupanua. Ekari 10 kwa mifereji ni mita za ujazo 460 kwa siku. Ekari hizohizo kwa umwagiliaji wa matone, yaani mipira inayodondosha maji kwenye mashina, ambao hupoteza kama asilimia 10 tu, ni 256. Ombi la namna hiyo lina utetezi mbele ya majirani wa chini ya mto, ambao wana haki ya kuweka pingamizi.

Ukishapewa kibali, weka daftari kwenye kibanda cha pampu: tarehe, saa ya kuwasha, saa ya kuzima. Kuna ada ya kila mwaka ya kutumia maji, na daftari hilo ndilo litakaloonyesha ulichovuta kweli.