Kukata mteremko kwa CNC (mashine ya kukata inayoongozwa na kompyuta) bila kisu kukata hewa

Chukua kabari ya alumini ya kukalishia injini ya boti, kazi ya kawaida kwa karakana ya Mwanza: urefu mm 100, upana 60, mteremko nyuzi 15. Tofauti ya kimo ni karibu mm 27.

Muda mwingi hupotea kwenye kukwangua, yaani kuondoa alumini nyingi kabla ya kumalizia. Ukipanga mapito ya kisu yasambae sambamba na mteremko, pito la kwanza hugusa kona tu, kwingine kisu kinatembea patupu. Badala yake, kata kwa matabaka ya mlalo. Kila ukishuka mm 2, fupisha pito kwa mm 7.5 hivi upande wa juu wa mteremko. Bakiza mm 0.3 ya kumalizia.

Kumalizia, tumia kisu cha ncha ya duara cha mm 10, hatua (umbali kati ya pito na pito) ya mm 0.5, matuta yatakayobaki ni kama mm 0.006. Endesha kwa urefu, kwenda na kurudi: mapito 120 hivi. Ukiendesha kwa upana yanazidi 200, na kila kona mashine inapunguza mwendo.

Kimo cha kuinulia kisu kisiwe mm 50 kwa mazoea tu. Mm 2 juu ya sehemu ya juu kabisa zinatosha, mradi klampu (vibanio vya kabari) ziwe chini ya hapo. Ila angalia G0, amri ya kusogeza kisu haraka bila kukata: mashine nyingi haziendi mstari mnyoofu, zinaweza kugonga mteremko. Inua Z (juu na chini) kwanza, X na Y (mwendo wa mlalo) zifuate.

Kama jiliwa lako (kifaa cha kubana kazi) linainama, afadhali uilaze kabari uso wa mteremko uwe mlalo, ukate kwa kisu kipana.