Kabla hujachimba bustani nyuma ya nyumba, uliza maji yataenda wapi

Mvua ndefu inakaribia na najua kuna watu usiku wanaangalia video za permakalcha, ile njia ya kulima kwa kuiga mazingira ya asili, na kesho yake wananunua jembe. Tulieni kwanza. Zile video nyingi ni za ng'ambo, wanasema bustani inaanzwa baridi ikiisha, sisi huku Nairobi tunafuata mvua, ile ya Machi hadi Mei na ile fupi ya Oktoba hadi Desemba. Kazi ya kuchimba iishe Februari ardhi ikiwa bado kavu, ukingoja matone ya kwanza utachimba matope.

Jua pia. Ulaya wanaambiana jua liko kusini, sisi tuko karibu na ikweta, mwezi wa sita linapita upande wa kaskazini, Desemba limehamia kusini, kwa hivyo kivuli cha ile gorofa ya jirani hakikai mahali pamoja mwaka mzima.

Nyasi ya kutambaa usijidanganye utaing'oa ikaisha. Ifunike na makatoni, toa selotepu, lowesha, weka mbolea na majani makavu juu. Makatoni unaomba dukani, hayanunuliwi.

Mbolea iwe imeoza. Ingiza mkono ndani ya gunia, ukisikia joto mrudishie mwenyewe.

Sasa hii ndio ilinichapa. Naishi upande wa Utawala, na kwetu ni ule udongo mweusi, kiangazi unapasuka nyufa mkono unaingia, ukinyeshewa unavimba na kunata kwa gambuti mpaka unatembea kama umevaa matofali. Mwaka wa 2024 nilikuwa nimeona jamaa kwa video anachimba mtaro wa kuzuia maji, umelala sawa bila mteremko, maji yanajaa humo yanazama polepole na miti inakunywa. Nikachimba wangu, mita 8, kina futi 2, na vile ploti ni ndogo nikaupitisha kando ya ukuta wa nyuma, hatua moja tu hivi. Mzee jirani, mstaafu, akachungulia akaniuliza, "Kijana wangu, haya maji ukishayakusanya hapa yanaenda wapi?" Nikamwambia, "Yanazama, mzee, usijali." Akaangalia mtaro, akaniangalia mimi, akasema haya, akarudi kwa kuku wake.

Hayakuzama. Mnakumbuka mafuriko ya Aprili ya huo mwaka, Mathare watu walipanda juu ya mabati. Mtaro wangu ulijaa siku ya kwanza, siku ya tano bado umejaa, vyura wamehamia, na mimi nafurahia, nimepiga hadi picha. Siku kadhaa baadaye, usiku, nikasikia kama lori linamwaga kokoto, kutoka na tochi napata karibu mita 5 za ukuta zimelala kwa jirani na banda la kuku liko chini yake. Kuku 11. Mzee alitoka na shuka begani akasimama hapo kwa mvua bila kusema neno, afadhali angenitukana.

Fundi aliyekuja kujenga upya alichukua dakika mbili kunieleza: msingi ulikuwa mfupi, umekaa juu ya udongo mweusi, na mimi nimeulowesha upande mmoja siku zote hizo mpaka ukalainika. Kuku nililipa, ukuta nikajenga, pesa ya miche ikaishia hapo.

Kwa hivyo kabla ya kitu chochote, chimba shimo la futi moja, jaza maji, yakiisha jaza tena, na hiyo ya pili ndio uangalie saa. Yakizama kwa saa chache, vile mara nyingi utaona kwa udongo mwekundu wa kina Karen na Kikuyu, chimba mitaro yako. Ukiamka asubuhi uyapate bado yako hapo, achana na mitaro, inua matuta, na maji ya mvua yatengenezee njia ya kutoka, tena isiwe njia ya kwenda kwa jirani. Na hata udongo ukiwa mzuri namna gani, mimi siku hizi sichimbi mtaro karibu na ukuta, nyumba au shimo la choo, naacha angalau mita 3 katikati. Sasa niko na matuta ya managu na kunde, ndizi nimeziweka pale maji ya bafu yanaishia, na mzee nampelekea mboga kila wiki, anapokea, lakini bado huwa anachungulia.

Mengine ni akili tu. Kama umepanga, ongea na mwenye nyumba kabla hujagusa jembe. Ukichimba vaa gambuti, ploti nyingi za hapa zimejazwa na takataka za mjengo, misumari, vioo, nilitoa hadi wembe. Kabla ya kupanda mparachichi angalia juu kama kuna waya za stima, angalia chini bomba linapita wapi, na kama uko na watoto wadogo usiache shimo wazi hata usiku mmoja, hata kama ni lile la kupima maji.